Mponyaji Aliyeomba Upanga

Saa tisa alasiri, Jumamosi, Sista alifika kwa dada yake akajitupa kwenye kiti kabla hata ya kusalimia. Miguu ilikuwa imevimba, mgongo si wake. Alikuwa nesi, na huu ulikuwa mwezi wa tano akihudumia wodi mbili peke yake, ya wanaume na ya majeruhi, tangu mwenzake aende likizo na asirudi. Matroni alikuwa amesema ni kwa muda tu. Jina la Sista alipewa na wagonjwa, watu wa nyumbani nao wakalidaka, na siku hizi hata dada yake wa tumbo moja hakumwita vingine.

"Kunywa chai kwanza," dada alimwambia. "Uso umekusinyaa kama umefuliwa."

Mezani shemeji yake, fundi saa, alikuwa ameshatandaza ramani aliyoichora kwa penseli. Kwa miaka minne watu hawa wanne walikuwa wakikutana kucheza mchezo mmoja usiokwisha. Shemeji ndiye aliyekuwa msimulizi: alieleza mapango, mazimwi na milango iliyofungwa, wenzake wakasema wahusika wao wanafanya nini, dadu ya pande ishirini ikaamua. Dada alikuwa mchawi wa moto. Jirani yao, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alikuwa mpiganaji mwenye upanga wa kushikwa kwa mikono miwili. Sista alikuwa mponyaji. Hakuchagua. Siku ile ya kwanza alichelewa kutoka kazini, akakuta wenzake wameshagawana, wakamwambia, "Si wewe ni nesi? Kazi unaijua."

Jumamosi hiyo wahusika wote walikuwa wanapanda ngazi ya tisa, na mponyaji akifika ngazi ya tisa hupata dua ya kufufua waliokufa. Mwalimu alikuwa ameingoja dua hiyo kama mvua.

"Andika, Sista," shemeji alisema. "Ngazi ya tisa ya uponyaji."

"Siitaki. Hii niandikie ya upiganaji."

Mwalimu alivua miwani. "Sheria inaruhusu kuchanganya fani, sikatai. Lakini kila ngazi unayoipa fani ya pili, umeinyima ya kwanza. Dua ya kufufua utaikosa, na upanga wenyewe utakuwa wa mwanafunzi. Mshika mawili, Sista!"

"Moja humponyoka, najua. Acha liniponyoke."

"Sasa mdogo wangu, sisi nani atatufufua?" dada aliuliza.

"Msife."

Shemeji alicheka, lakini Sista hakuwa anatania. "Miaka minne, zamu yangu ikifika swali ni lilelile: nani anatoka damu? Sijawahi kumpiga mtu hata kofi. Wiki nzima nafunga vidonda vya watu, nikija huku kupumzika, nafunga vyenu."

Shemeji alikuna kidevu kwa penseli, kisha akauliza kwa sauti yake ya usimulizi, "Mponyaji huyu upanga amejifunza wapi?"

"Nyuma yao. Amewatazama muda wote huo."

Akaandika.

Alasiri hiyohiyo walikutana na zimwi darajani. Sista alipiga mara ya kwanza, akakosa. Mara ya pili dadu ikampa kumi na tisa, akapiga kelele hadi kikombe kikamwagika, na kwa mara ya kwanza wiki ile mabega yake yakashuka. Lakini zimwi lilimgeukia mpiganaji wa mwalimu, likamwangusha. Alikuwa na pumzi chache za kuishi. Sista alibakiwa na dua moja ndogo ya kuponya, na zimwi lilikuwa linayumba. Mwalimu alimtazama.

"Napiga," Sista alisema.

Akakosa. Dada alilichoma zimwi baadaye, lakini mpiganaji alikuwa ameshakata roho. Mwalimu alikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni, akaaga, chai yake haijafika nusu.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Jumatano, akitoka kazini, Sista alimbishia hodi huku akiwa hoi.

"Una kinyongo nami, Mwalimu?"

"Nina hasira. Kinyongo sina." Alimsogezea kiti. "Nimepiga hesabu. Hata ungeniponya, zimwi lingenipiga tena. Ningepona mara moja katika nne."

"Basi si kosa langu."

"Ni kosa lako. Ila ni robo tu, robo tatu si yako."

Sista alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka na kicheko kimeshakwisha. Mwalimu aliangalia pembeni kwa adabu. Alipoona ametulia, akasema, "Nitakuja na mhusika mpya. Lakini mponyaji siwi."

"Wala sikuombi."

Alikuja na mpiga mishale. Tangu hapo walitembea na chupa za dawa kwenye magunia, na walikimbia vita vingi ambavyo zamani wangepigana. Sista hakuwa mponyaji kamili wala mpiganaji wa kutisha. Kazini alimwambia matroni kwamba wodi mbili zimemshinda, akajibiwa avumilie hadi mwisho wa mwezi. Mwezi uliisha, ukaingia mwingine, wodi zikabaki mbili.

Walipopanda ngazi ya kumi, shemeji alimuuliza, "Upanga au dawa?"

"Shemeji, leo sina hata nguvu ya kuchagua. Acha wazi."

Akaacha wazi. Mchezo haujafika mbali Sista alikuwa amelala kitini, mdomo umefunguka kidogo. Ilipofika zamu yake dada aliichukua dadu, akairusha polepole juu ya kitambaa ili isilie, na mwalimu akasoma namba kwa kunong'ona.