Kundi la Maji

Wifi yangu ameoga kwa sabuni moja miaka sita, na si kwamba anaipenda. Ni sabuni ya mche, isiyo na harufu ya maana, ile ambayo mimi nafulia matambara ya jikoni. Hapaki mafuta yanayonukia, hajipulizii manukato. Kaka yangu alipomletea chupa ya marashi siku ndoa yao ilipotimiza miaka ishirini, alimshukuru vizuri kisha akaifungia kabatini, kwa sababu panya wasingemtambua. Nilimwambia kaka, "Pole, umeoa mke pamoja na panya mia mbili." Hakucheka.

Tunafanya kazi jengo moja, kwenye chuo cha udaktari wa mifugo. Mimi ni katibu wa idara: nachapa barua, nagonga mihuri, nakera watu. Yeye ni mtunza wanyama wa maabara, na pale kila mtu anamwita Mama Panya. Chumba chake kiko mwisho wa korido. Hakina dirisha, joto lake halipandi wala halishuki, taa zinawaka na kuzimika zenyewe kwa saa, na mlango ukiuachia unajifunga nyuma yako. Mimi nikikaa humo robo saa nahisi kama nimekaliwa kifuani.

Kazi yenyewe ni hii. Profesa wetu anatafuta dawa ya kutuliza wanyama, ili ng'ombe au mbwa atibiwe bila kumrusha daktari ukutani. Kabla ya ng'ombe, panya. Kundi moja linapewa dawa, kundi lingine linapewa maji matupu, kisha panya mmoja mmoja anawekwa juu ya ubao wenye umbo la msalaba, ulioinuliwa kwa miguu mirefu. Sisi tunauita njia panda. Mikono miwili ya ubao ina kuta, miwili haina. Panya mwenye hofu hujibanza kwenye kuta. Aliyetulia hutoka akatembea ubao mtupu, na kamera inamrekodi. Miaka sita panya wa dawa walitoka, panya wa maji wakajibanza. Profesa akaandika, akasifiwa, na ile dawa ikaingia kwenye maelezo ya somo ya wanafunzi wa mwaka wa tatu. Niliyachapa mimi mwenyewe.

Sasa, dawa ile ni adimu, na kumdondoshea panya mdomoni bila kupoteza tone kunataka mkono. Mkono ulikuwa wa wifi. Kwa hiyo kundi la dawa likawa lake, asubuhi na jioni, akiwapakata na kuwasemesha kama vichanga. Kundi la maji lilikaa chumba cha pili, likaachiwa yeyote aliye zamu, maana maji yakimwagika ni maji tu. Wasomi wote wale, na mimi na mihuri yangu, hakuna aliyeona tatizo.

Mwaka huu wifi ametimiza miaka arobaini na minne. Kuna stashahada ya maabara ya mifugo ambayo ameililia tangu kijana, na chuo kinachoitoa hakipokei mfanyakazi aliyefika arobaini na mitano. Mara tatu alipata nafasi, mara tatu Profesa akakataa kumpa ruhusa ya masomo. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Ukienda, nani atawashika?" Binti yake wa kwanza alijifungua mji mwingine, na mjukuu amemwona kwenye simu tu, kwa sababu siku tatu bila yeye panya wanaanza kung'ata. Alijikaza kisabuni, nami nilimtania hivyo hivyo, lakini safari hii aliponiletea barua ya chuo hakuwa na utani. "Wifi," alisema, "mwaka huu nisipotoka, sitoki tena."

Profesa akalegea kidogo: atafutwe mtu wa kushika nafasi yake, na akifaa, atatia saini. Wakamleta mama mmoja kutoka banda la kuku, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili. Tukampa jina la Mama Kuku. Wiki tatu wifi alimfundisha kushika, kupakata, kudondosha. Dawa haikupotezwa kwa mafunzo. Walitumia maji, na panya sita wadogo wa akiba. Mama Kuku akajifunza hata kunong'ona. Profesa alikuja, akatazama mikono yake, akasema, "Huyu anafaa." Alhamisi akasaini barua ya ruhusa. Niligonga ule muhuri hadi kikombe cha chai kikaruka.

Ijumaa nilikwenda na boksi kumsaidia wifi kufungasha vitu vyake. Kabla ya kuvua koti alitaka kumwonyesha Mama Kuku jambo moja la mwisho, jinsi ya kumweka panya kwenye njia panda bila kumshtua. Akamchukua mmoja wa wale sita. Panya akanusa, akatoka moja kwa moja kwenye ubao mtupu, akafika ncha, akachungulia chini. Wa pili akafanya vile vile. Wote sita.

"Dawa kali hii!" Mama Kuku akasema.

"Hawa hawajaonja dawa," wifi akajibu. "Ni maji."

Mimi nilichelewa kuelewa. Yeye alikuwa ameshakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono yake kaiweka magotini, anaitazama.

"Kumbe ni mimi," alisema. "Miaka yote ni mimi, si dawa."

Nikamvuta pembeni. "Sikiliza. Hukuona kitu. Barua unayo, Jumatatu unaripoti."

"Na yule binti?"

Yule binti alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mwezi uliopita, kwenye mtihani wa vitendo, alimpa ng'ombe mtamba ile dawa, akaiamini kama alivyofundishwa, akainama nyuma yake. Teke moja lilimvunja kifundo cha mkono mahali pawili. Watahini wakaandika kwamba alikosea kipimo, na akaambiwa arudie mwaka. Barua hiyo nayo niliichapa mimi, na alilia mbele ya meza yangu.

"Hakukosea kipimo," wifi akasema. "Sisi ndio tuliomfundisha uongo."

"Mkono wake utapona! Wewe utapata wapi mwaka mwingine?"

Nilisema hivyo, sikatai. Hata leo nusu yangu bado inasema hivyo. Yeye alipiga moyo konde akaenda kubisha kwa Profesa, nami nikamfuata nyuma kwa hasira.

Profesa si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu mbaya tungemwacha na ubaya wake tukaenda zetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Barua ya ruhusa hakuidai irudishwe.

"Sita ni wachache," alisema. "Huenda ni bahati tu. Chuo chako kinapokea wanaochelewa hadi wiki mbili. Nakuomba siku kumi, mama. Chukua panya kumi na wawili wa kundi la maji, walee kama unavyowalea wa dawa. Siku ya kumi tuwapandishe njia panda. Wakijibanza, dawa ni dawa, na nitakupeleka chuoni mwenyewe kwa gari langu."

"Wakitoka?"

Akaiweka miwani mezani. "Wakitoka, tunaanza upya, na kila panya apite mkononi mwako, wa dawa na wa maji. Ni mwaka mzima. Ruhusa yako sikunyang'anyi. Lakini ukiondoka sina cha kuwaonyesha watahini, na yule binti atabaki na kosa lake."

Kaka yangu alikuwa ameshanunua sanduku la safari. Siku zote kumi lilikaa sebuleni, limejaa, tukawa tunalizunguka kupita. Wifi hakuligusa.

Siku ya saba nilimfuata kwenye bomba la kunawia mikono. "Wabane mkia kidogo," nikamnong'oneza. "Au piga kelele ukiingia. Nani atajua?"

"Nimeshajaribu."

"Lini?"

"Jana. Nilimkamata mmoja kwa nguvu, akalia. Nikakaa naye nusu saa namwomba radhi."

Tukacheka. Tulicheka mpaka nikashika ukuta, na nilipomtazama, mwenzangu alikuwa halii wala hacheki, anasugua mikono yake kwa maji kana kwamba ngozi itatoka.

Siku ya kumi Profesa alisimama nyuma ya kamera. Mama Kuku alisimama mlangoni, kimya kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Mimi nilipewa saa na fomu ya kujaza, maana katibu hachagui kazi. Wifi akafungua kizimba cha kwanza, akamtoa panya, akampakata kifuani mpaka akatulia, vizuri kabisa, kama anavyofanya siku zote. Nilikuwa karibu yake, nikasikia alichomnong'oneza.

"Ogopa, mwanangu. Ogopa kidogo tu."

Akamweka katikati, pale njia nne zinapokutana. Panya akageuza pua upande wa kuta. Nikasema kimoyomoyo, nenda, nenda, jibanze humo. Akanusa kona ya ukuta. Kisha akageuka, akatoka, akaenda taratibu hadi ncha ya ubao mtupu, akakaa kitako na kuanza kujipangusa uso.

"Andika, wifi," akaniambia.

Nikaandika. Yeye akanyoosha mkono kumchukua wa pili.