Mkanda wa Akiba

Cheko lenu nalijua, kwa hiyo anzeni kucheka mapema tuokoe muda: mimi ndiye yule aliyebaki na nguo ya ndani mbele ya Bwana Shauri, Liwali na nusu ya mji wa Lindi, tena mchana kweupe, na mama yangu mzazi yupo anatazama. Sikulewa, wala sikurogwa (ingawa mjomba wangu mpaka leo anashikilia kwamba kuna mkono wa mtu). Nilivaa mkanda tu.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nasomea ufundi wa mitambo pale Lindi, na kwetu Kivinje habari hiyo walikuwa wakiisimulia kana kwamba nasomea kuteremsha mvua. Tulifundishwa injini, pampu na mabomba, na hasa namna ya kuviunganisha vyote vikafanya kazi moja. Mwalimu wetu, Mwalimu Mathayo, Mmwera wa bara ambaye hakuna aliyewahi kuona meno yake, hakuchoka kutuambia kuwa mtambo ni kama ukoo, mmoja akinuna nyumba nzima hailali.

Mwisho wa mwaka ikatangazwa siku ya maonyesho. Tuyapandishe maji kutoka kisimani mpaka kwenye tangi juu ya mnara wa mbao tulioujenga wenyewe, kisha Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, afungue koki, maji yatoke, watu wapige makofi, basi. Injini ilikaa upande huu, pampu upande ule, na katikati yake mkanda mpana wa ngozi uliopita kwenye magurudumu mawili, injini ikizunguka mkanda unaivuta pampu nayo izunguke. Mkanda wenyewe ulikuwa umechoka, ndiyo maana Mwalimu Mathayo akanikabidhi mwingine mpya wa akiba, akaniambia, "Hamisi, uweke mahali ambapo hata ukigutushwa usingizini utajua ulipo."

Maneno yake hayo hayo ndiyo yaliyoniponza.

Maana siku ile ilikuwa kubwa kwangu kwa sababu nyingine. Mjomba alikuwa ameshapeleka posa kwa Mzee Abdurahmani, mfanyabiashara wa nazi pale pale Lindi, kwa ajili ya binti yake Mwanahawa, na mzee akajibu kwamba hana haraka, atakuja kwanza kwenye maonyesho amtazame huyo kijana akiwa kazini. Sasa mbele ya mkwe mtu haendi na kaptula ya shule! Nikaazima suruali ndefu nyeupe kwa mwenzangu wa bwenini, Chande, ambaye Mwenyezi Mungu alimjalia kiuno cha watu wawili. Nikaivaa, ikashuka. Nikaivaa tena, ikashuka. Nikautupia jicho ule mkanda wa akiba, nikajiuliza, ni wapi nitakapojua ulipo hata usingizini kama si kiunoni? Nikauzungusha mara mbili, nikaufunga kwa kamba ya katani, nikashusha shati juu yake, na nawaambieni kweli, nilipendeza. (Na mafuta ya nazi nilijipaka, mwili mzima, msisahau hilo.)

Wageni wakaketi. Mbele Bwana Shauri na Liwali, nyuma yao Mzee Abdurahmani na kofia yake ya viua, na pembeni mama na mjomba waliokuja kwa lori kutoka Kivinje, mama kifua mbele kama yeye ndiye aliyeitengeneza injini. Binti mwenyewe, niliambiwa, yumo mlemle kwenye kundi la wanawake. Kazi yangu ilikuwa kusimama chini ya mnara na kuushika mpira wa maji pale ulipoungana na bomba la kupandishia maji. Injini ikawashwa, tuku-tuku-tuku, maji yakaanza kupanda, Liwali akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mara ile mkanda mkuukuu ukakatika. Pwaa!

"Hamisi!" akaita Mwalimu Mathayo. "Mkanda wa akiba!"

"Upo, mwalimu."

"Uko wapi?"

"Nimeuhifadhi, mwalimu."

"Sikukuuliza kama umeuhifadhi. Lete!"

Bwana Shauri akatazama saa yake. Nikazunguka nyuma ya mnara, nikafungua ile kamba, nikautoa mkanda, nikarudi huku nimekamata suruali kwa mkono wa kushoto. Mwalimu akaupokea, ulikuwa na joto kama chapati. Akanitazama. Akautazama mkanda. Akaufunga kwenye magurudumu.

Mjomba akapaza sauti, "Mpwa wangu, tumbo linakuuma?"

"Hapana, mjomba!"

"Basi ondoa mkono, simama kiume!"

Injini ikawashwa tena. Lakini ngozi iliyolala kwenye mafuta ya nazi asubuhi nzima haishiki gurudumu, inateleza, ikawa injini inazunguka, mkanda unapiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia, pampu imetulia kimya, na harufu ikatanda uwanja mzima mpaka mwanamke mmoja akauliza nani anakaanga maandazi. Mwalimu Mathayo akachota majivu, akaumwagia mkanda. Ukashika ghafla, pampu ikaruka, maji yakaja kwa hasira, na mimi mpira nimeushika kwa mkono mmoja! Ukachomoka kwenye bomba, ukaanza kujipinda kama nyoka, ukamtazama Liwali, ukaghairi, ukamgeukia Mzee Abdurahmani.

Jamani, ningefanyaje? Mkwe aloe au suruali ishuke? Sikufikiri hata kidogo. Nikauvamia ule mpira kwa mikono miwili, nikawapa wageni mgongo, nikayaelekeza maji kwenye ukuta wa karakana, na suruali ya Chande ikateremka mpaka kwenye viatu, taratibu, kama bendera jioni.

Sasa lazima niwaeleze kwamba nguo yangu ya ndani ilishonwa na mama kwa kanga yake kuukuu, na fundi wa kushona ni yeye mwenyewe, alikata bila kujali maandishi yataangukia wapi. Na Bwana Shauri alikuwa ndiyo kwanza anajifunza Kiswahili, mtu wa kusoma kila anachokiona, vibao, mifuko ya chumvi, kila kitu. Akainama mbele, akasoma kwa sauti, silabi moja moja:

"We-nye wi-vu, ta-za-me-ni."

Halafu akamgeukia Liwali, akauliza kwa adabu kabisa, "Hii pia ni sehemu ya maonyesho?"

"Kanga yangu!" akapiga yowe mama.

Baada ya hapo sikusikia tena injini, nilisikia kicheko tu. Mwalimu Mathayo akaizima, akakaa juu ya sanduku la spana, akafunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika, tukadhani analia. Hakuwa analia. Chande akaja kunipandishia suruali, maana mimi mikono ilikataa kuuachia mpira, na ikabidi anifunge kwa kipande cha ule mkanda uliokatika.

Mjomba aliondoka uwanjani bila kunitazama. Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Abdurahmani kuomba radhi na kuiondoa posa kabla haijarudishwa kwa aibu. Alipofika akamkuta mzee anafuta machozi kwa ile kofia yake, akaanza, "Shikamoo mzee, yule mtoto wetu..."

"Marahaba. Kaa kwanza, nisije nikacheka nikiwa nimesimama. Mimi sikupata hata tone la maji, umeona? Na Mwanahawa tangu arudi nyumbani ana kwikwi, kila akiulizwa kama anamtaka anacheka tena. Mama yake anasema hilo ni jibu."

"Alhamdulillahi," akasema mjomba.

"Ila siku ya ndoa," mzee akasema, "mwambie aje na kanzu."

Nilikwenda na kanzu, nikaoa. Na nimeshafunga pampu nyingi tangu hapo, Nyangamara, Somanga, mpaka Likawage, lakini nawaapia, kifaa cha kazi hakijagusa tena mwili wangu, hata spana siiweki mfukoni.