Bastola ya Hatua Tatu

Jirani yangu wa mtaa wa Gerezani, muuza vipuri kama mimi, alivamiwa na majambazi dukani mchana kweupe. Baadaye akaomba kibali cha bastola, akapewa. Siku aliyoileta aliniita, maana anajua niliwahi kuwa mwanajeshi.

"Kaka, wewe umepigana porini. Hii kitu inasaidia kweli?"

Niliiangalia pale mezani, juu ya gazeti, bila kuigusa.

Nikamwambia ukweli. Tulipopelekwa kulinda amani nchi jirani, bunduki ilinitesa sana msituni. Mtutu mrefu unanasa kwenye matawi, huwezi kuugeuza upesi, na adui humwoni mpaka akukaribie kabisa. Niliwaonea wivu maofisa wenye bastola kiunoni. Mkono mmoja unashika mti usiteleze, wa pili uko tayari. Ila umbali ukizidi hatua chache, kulenga kwake ni kubahatisha.

"Basi hapa dukani inanitosha," akasema. "Mlango uko hatua tatu tu."

"Subiri nimalize."

Asubuhi moja tulishambuliwa, tukatawanyika. Nilikuwa napanda ukingo wa kijito nyuma ya afande wetu. Majani yakatikisika ubavuni mwake, akafyatua mara mbili. Mtu akalia kule ndani, anamwita mama yake, kwa Kiswahili. Alikuwa mwenzetu, jana yake tulikula maharage sahani moja. Alipona, lakini bega lake halikurudi kama zamani. Tangu siku ile nilimwogopa afande kuliko adui. Nilikuwa nakohoa makusudi, ajue ni mimi.

Jirani akaitia bastola kwenye droo.

Wiki haikuisha. Nilikuwa dukani kwake kuazima spana, mara kelele za "Mwizi! Mwizi!" zikavuma kutoka upande wa Kariakoo, na watu wakaanza kukimbia hovyo. Mlango ukasukumwa kwa kishindo. Sikumwona aliyeingia. Niliona mkono wa jirani ukitoka kwenye droo na bastola, nikaurukia.

"Niache! Wamerudi!"

"Mtazame kwanza! Mtazame!"

Alikuwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara, amekumbatia sahani zake, anakimbia asikanyagwe. Aliiona bastola katikati yetu. Akakaa sakafuni, na sahani zikamponyoka moja moja. Mimi na jirani tulikuwa bado tumeshikana.

"Nisamehe, mama," jirani alisema hatimaye. Mama aliomba maji.

Kesho yake jirani alinifuata asubuhi, amebeba mkoba. "Nisindikize kituo cha polisi, nairudisha."

Nilikubali, ila njia nzima nilitembea upande wa pili wa barabara.