Ruhusa ya Kutoka Angani

Kazi yangu ilikuwa kupokea simu. Nilikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi ya hoteli moja ya Bamburi, swichibodi mbele yangu, na nilijiona bingwa. Nilijua kumkatiza mtu maneno bila kumvunjia heshima, na nilijua kumsubirisha hata meneja. Miaka ya tisini ilipokaribia kwisha wakaniletea kompyuta. Waliiweka kando ya swichibodi na kuifunga kwenye laini moja ya simu, ili tupokee barua za mawakala wa Ulaya. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye laini, na kompyuta ikawa yangu. Kila ilipopiga simu ililia kama paka aliyekanyagwa mkia. Wiki ya kwanza sikuipenda hata chembe.

Aliyenipatanisha nayo ni kaka yangu. Alikuwa ameondoka kwetu Mishomoroni miaka minne nyuma kwenda kusoma ng'ambo, nchi ya baridi, na barua zake zilikuwa zimeanza kuwa fupi mno. Nilipomwandikia kwa kompyuta akajibu upesi, akaniambia kuna mchezo. Wanafunzi wa chuo chake walikuwa wametengeneza anga zima ndani ya mashine yao. Watu wa nchi mbalimbali waliingia humo kwa simu, kila mmoja na chombo chake, wakazunguka kutafuta nyota ambazo bado hakuna aliyezifikia.

Picha hazikuwapo. Kioo kilikuwa cheusi, maandishi ya kijani, basi. Uliandika neno, chombo kikasogea, na mashine ikakueleza kwa maneno unachokiona. Siku yangu ya kwanza iliniandikia kwamba mbele yangu kuna majua mawili yanayozungukana, moja jekundu na moja jeupe, na kwamba hapana sauti yoyote. Nje ya dirisha mtunza bustani alikuwa anafagia majani. Mimi nilikuwa mbele ya majua mawili. Nikasema "Subhanallah" kwa sauti, mpaka msichana wa mapokezi akachungulia kuona kama nimepata habari ya msiba.

Kisha kaka akaniomba jambo. Mwaka mzima alikuwa amesafiri mpaka pembe ya mwisho ya anga lile, akapata nyota ambayo hakuna aliyewahi kuiona, akaipa jina la mama yetu. Lakini jina hilo lilikuwa kwenye ramani ya chombo chake tu. Sheria ilikuwa kwamba nyota haiandikwi mpaka chombo kirudi bandari kuu na ramani ikabidhiwe. Chombo kikivunjwa njiani, jina limepotea, na nyota inarudi kuwa namba. Naye mitihani ya mwisho ilikuwa imemkaba. "Kirudishe wewe," aliandika. "Neno la siri na njia nitakupa. Ila shika sana namna ya kutoka."

Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi. Wewe ukilala, chombo hakilali. Ukikata simu ovyo kilibaki palepale robo saa nzima kabla mashine haijakificha, taa zinawaka, nahodha hayumo, na maharamia, wachezaji wanaopora wenzao, walitafuta vyombo vya namna hiyo hasa. Ilikubidi utue kwanza kwenye mwamba, uzime injini, uzime taa, uandike neno la kutoka, kisha usubiri mashine ikuthibitishie kwamba umetoka. Ndipo ukate simu. Kaka alimalizia maagizo yake kwa herufi kubwa: TOKA KIMYA.

Hapo ndipo tulipokosana. Chombo kilikuwa na redio, na ulichokiandika kwenye redio kilisomwa na wote waliokuwa angani. Mimi nimelelewa Mishomoroni. Kwetu mtu haondoki mbele za watu kama mwizi. Anaaga, anaomba ruhusa, na hanyanyuki mpaka apewe. Hata aliyekwenda kwa jirani kuomba chumvi ataaga. Basi kila alasiri, kabla ya kuzima taa, niliandika kwa Kiingereza changu cha shule: nawaaga ndugu zangu, nimetua kwenye mwamba namba fulani, naomba ruhusa, tutaonana kesho Mungu akipenda. Kisha nikangoja. Mara nyingi hakuna aliyejibu. Wengine walicheka, na mmoja akauliza kama mimi ni bibi kizee. Baada ya siku chache mtu mmoja nisiyemjua, na mpaka leo simjui, akaanza kunijibu neno moja tu: nenda. Lilinitosha. Nikawa natoka na moyo mweupe.

Kaka alipopata habari alipandwa na wazimu. "Unawatangazia majambazi nyumba yako ilipo na saa unayolala! Una akili wewe?" Nikamjibu kwamba baridi imemharibu, adabu zote amezisahau. Yeye alikuwa na haki ya kukasirika, naona sasa, lakini siku hizo mtu kuniambia nitoke kimya ilikuwa kama kunitukania wazee.

Tulikuwa tumebakisha siku tatu kufika bandarini. Masika yalikuwa yamepamba moto, na maji yalikuwa yameua laini zote za hoteli isipokuwa ile ya kompyuta. Alasiri ile nilitua kwenye mwamba, nikazima injini, nikaaga. Nilikuwa bado nangoja ruhusa yangu, taa zinawaka, meneja alipoingia mbio, shati limemlowa. Mgeni mmoja mzee ameanguka bafuni, hasemi.

"Dada, nipe laini! Daktari!"

Kuzima taa na kutoka kungechukua dakika moja. Nilimtazama usoni, nikakata.

Nilimpigia daktari, nikamwelekeza njia, nikapiga tena kuita gari la wagonjwa. Muda wote huo niliitupia jicho saa ya ukutani, na nilijionea haya kwa kuitazama. Mama au baba wa mtu yuko sakafuni hapumui sawasawa, na mimi roho yangu iko kwa chombo cha maandishi. Lakini lilikuwa jina la mama yangu. Nilikuwa nimeliacha nje, limewashiwa taa, na mahali lilipo nimewaambia watu wote kwa kinywa changu. Nilitamani kulia, na nadhani nililia kidogo kati ya simu ya kwanza na ya pili.

Daktari alifika. Mzee akafumbua macho, akaomba maji, na ikaonekana kilichovunjika ni mkono. Meneja alipoiachia laini, dakika ishirini na zaidi zilikuwa zimepita. Nilipiga papo hapo. Mashine ikaniandikia kwamba niko juu ya mwamba wangu, kwamba chombo changu ni kizima, na kwamba mbele yangu, karibu sana, kimesimama chombo kingine.

Nikajua nimekwisha. Halafu redio ikaandika.

"Uliaga, lakini taa zako hazikuzimika. Nikajua umepatwa na jambo. Walikuja wawili. Wamekwenda."

Alikuwa yule wa neno moja. Nikaiuliza mashine hali ya chombo chake, ikanieleza: kimetobolewa mahali pengi, injini moja imekufa. Nikamwandikia ahsante, nikaiandika tena. Nikamwuliza yuko wapi. Akasema kwao ndiyo kwanza kunapambazuka, na kwamba nizime taa niende. Nilikaa nikiyatazama yale maandishi ya kijani mpaka macho yakaniuma. Mtu wa upande wa pili wa dunia, sijui mume sijui mke, sijui anaswali au haswali, alikuwa amekaa mlangoni kwangu akipigwa, kwa sababu tu alinisikia nikiaga. Wallahi, yale majua mawili hayakunishangaza namna ile.

Nilimwandikia kaka kumkoga, kwamba kuaga ndiko kulikotuokoa. Akajibu kwamba hao wawili nao walinisikia nikiaga. Kilichobadilika ni hiki: siku mbili zilizofuata nilizima taa kwanza, nikaaga baadaye, na namba ya mwamba sikuitaja. Siku ya tatu nilifunga gati bandari kuu na kukabidhi ramani. Mashine ikasema jina limekubaliwa na litabaki. Nikalitoa kwenye printa, nikaichana karatasi ile yenye matundu pembeni, nikaenda nayo nyumbani.

Mama alikuwa uani anachambua mchele. Nikamwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamweleza yote kadiri nilivyoweza. Yeye alisoma chuo cha Kurani tu, herufi za Kizungu hazijui, kwa hiyo chini ya jina lake nikaliandika tena kwa herufi za Kiarabu. Alijifuta mikono kwa leso, akalipitishia kidole polepole.

"Huko kwakaa nani?"

"Hakuna mtu, mama. Ni nyota."

"Na jina langu liko huko."

"Liko. Kila atakayepita atalisoma."

"Subhanallah," alisema, akatazama juu, ingawa ilikuwa mchana na hapakuwa na kitu juu ila mawingu ya mvua. Macho yalimjaa maji. Nami nikaona kwamba safari yetu yote, ya kaka na yangu, imelipwa.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Kulileta mpaka bandarini kumekuchukua siku ngapi?"

"Wiki sita, mama. Kila siku."

"Na kakako, kutoka huko aliko mpaka hapa?"

Nilifikiri kidogo, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Ni ndege, mama. Siku moja."

Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye pindo la leso, akaurudia mchele wake.

"Mwandikie," alisema bila kuinua kichwa. "Mwambie nyota nimeipata, Mungu ampe kheri. Na yeye yuwaja lini?"

Nilimwandikia kesho yake asubuhi, maneno hayo hayo, kabla sijapokea simu hata moja.