Huruma ya Mpira wa Maji

Hakuwa na cheti, hakuwa na viatu vya mvua, hakuwa na mjomba ofisini. Hata kusoma alijifunza akiwa na miaka arobaini, darasa la jioni, baada ya kutwa nzima ya jembe. Alichokuwa nacho Mama Miche ni mikono na subira. Subira huvuta heri, husemwa. Yake leo inavuta pumzi tu.

Saa moja asubuhi yumo kitaluni, anakunja chandarua cha kivuli kilichofunika miche elfu tatu. Nyuma yake msimamizi mpya anaburuta mpira wa maji.

"Mama, miche ina kiu! Huna huruma?"

"Weka chini, mwanangu. Huruma yako ndiyo iliyoua ile ya msimu uliopita."

Kwa miaka kumi na tisa amefanya hivi: wiki tatu kabla ya kupandwa, mche hupunguziwa maji na kuvuliwa kivuli. Mtaka cha mvunguni huinama. Mzizi nao vivyo hivyo. Hata mbegu haokoti chini ya mti ulionenepa kando ya bomba. Huzifuata kilimani, kwenye mti uliopinda juu ya mwamba.

"Ukame ulishachagua pale," anasema. "Miti dhaifu haikuacha mbegu. Mimi ni nani nichague upya?"

Msimu uliopita alimuuguza dada yake mwezi mzima. Huku nyuma msimamizi akamwagilia asubuhi, mchana na jioni. Miche ikapendeza, ikapigwa picha, ikapandwa. Kati ya elfu mbili ikapona mia moja na sita.

Barua ya onyo kutoka ofisini ikaja kwa nani? Kwa Mama Miche! Ajieleze kwa maandishi kufikia Ijumaa, la sivyo kazi hana.

Nyumbani, binti yake ambaye ni karani anaona karatasi ya nne ikifinyangwa na kutupwa.

"Mama, lete niandike. Dakika tano tu."

"Hata wewe una mpira wa maji?"

Binti anacheka, anamsogezea taa.

Ijumaa barua iko tayari, mistari kumi na mmoja. Haombi msamaha. Anaomba miche ya sasa iachwe ikomae, na msimamizi akae naye msimu mzima. "Naye akomae," anasema.

Analamba bahasha, anaigandamiza kwa ngumi, anamkabidhi tarishi.

"Loo, Mama! Umebana kama humu mna nyoka."

"Asitokee njiani. Nataka atokee ofisini."