Kaka Alipokwenda Kutafuta Jotoardhi

Kaka yangu alipopata kazi kwenye mtambo wa kuchimba visima vya jotoardhi, huko milimani Mbeya, mama alidhani anakwenda kwenye dhahabu. Kaka akamweleza kwamba chini kule kuna maji yanayochemka. Mvuke wake ukipatikana wa kutosha, utazungusha mitambo na umeme utafika mpaka kwetu Mbagala.

Mama akacheka. "Basi uwahi, mwanangu. Mie pumzi zangu ziko kwenye soketi."

Hakuwa akitania. Mapafu yake yalikuwa yamechoka, na tangu aliporuhusiwa hospitali aliishi na mashine ya oksijeni kando ya kitanda. Kwa ajili ya mgao wa umeme tuliweka mtungi mdogo wa akiba.

Mchana mmoja umeme ulikatika mtungi ukiwa umepelekwa kujazwa. Mashine ikalia, ikanyamaza. Midomo ya mama ikaanza kubadilika rangi. Nilimkalisha, nikafungua madirisha, nikampepea kwa kanga. Bajaji niliyoita ilikuwa imekwama kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa. Hapo ndipo kaka alipopiga simu, ana furaha ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Maji yametoka! Ya moto, hushiki! Mwambie mama!"

"Kaka, umeme umekatika. Mama hapumui vizuri."

Nyuma yake wenzake walikuwa wakishangilia. Yeye akauliza taratibu, "Sasa mie nifanyeje?"

Nikaweka simu sikioni mwa mama. Sijui alimwambia nini. Mama aliitikia kwa kichwa tu, kana kwamba kaka anamwona.

Bajaji ilifika. Mama alilazwa, akarudi, akaishi mpaka masika. Alifia wodini, taa zote zikiwaka.

Kaka alikuja kuzika. Siku ya kuanua matanga, shangazi akamuuliza umeme wake unakuja lini.

"Maji yale yanafaa kukaushia mazao, shangazi. Kwa umeme, joto halikutosha. Mtambo umehamishwa, tunaanza kuchimba kwingine. Kazi hii ni ya miaka."

"Na huwezi kuwahimiza wakubwa wako?"

"Mie nafunga mabomba tu, shangazi."

Kesho yake nilimsindikiza stendi ya Mbezi Luis. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna aliyemlaumu, lakini kila nilipofungua mdomo aliangalia pembeni. Akapanda basi. Nikabaki nimesimama, abiria wakinipita na mizigo yao.