Shamba Lililoonekana Kutoka Juu

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi tumalizane, maana nikishaanza sitaki mtu wa kunikatisha. Haya niliyaona mwenyewe kwa macho haya mawili, sikusimuliwa, na sikuwa nimelewa. Pombe niliiacha tangu enzi za mke wangu wa kwanza, lakini hayo ni mengine.

Shule niliishia darasa la tatu. Kazi niliyoijua ni pamba. Nilikuwa mchambuzi kinuni, natenga safi na fifi, ile chafu, mpaka soko huria lilipoingia, kinu kikafungwa, tukaambiwa tumepunguzwa. Tumepunguzwa! Kama mchicha. Ndipo nikapata kibarua Nyamagana, kwenye mradi mmoja wa kupima ardhi na ziwa. Ndege ilikuwa imepita juu ya mkoa mzima ikipiga picha, kutoka visiwani mpaka huku kwetu mbele ya Kisesa, na picha zikaletwa kwenye masanduku ya bati, nyingi kupita kiasi. Meza ya kuzitosha haikuwepo. Kazi yangu ilikuwa kuvua viatu, kuingia ukumbini na soksi, na kuzipanga sakafuni, moja inalalia nyingine kidogo kama nyasi za paa.

Hapo uelewe vizuri. Kwa kuwa zinalaliana, sehemu moja ya ardhi inatokea kwenye picha mbili, hata tatu. Ukishazipanga unaiona Mwanza yote chini ya miguu yako, mawe yake, ziwa lake, gugu maji limejikunja ufukweni kama blanketi. Kuna siku nilikanyaga nyumba ya balozi wetu wa nyumba kumi kwa kisigino, na sikujuta.

Kutoka sakafuni picha zilikwenda kwa Dada Paskazia. Huyu alikuwa Mhaya, msomi, mwembamba, kicheko chake kinasikika mpaka barabarani. Yeye ndiye aliyekuwa na kompyuta yenye programu ya ramani. Anaziingiza picha humo, anaziunga zinakuwa picha moja kubwa, halafu ananakili kwenye sidii ili kila ofisi ipate: watu wa maji, watu wa ardhi, watu wa misitu, na wafadhili kule Ulaya. Alikuwa na msemo wake, "Picha isiyogawiwa ni karatasi ya kufungia maandazi." Nakala za kwanza alizigawa hata kabla hajamaliza kuunga, maana simu za kumuulizia zilikuwa haziishi.

Asubuhi moja akaniita.

"Kaka, hii uliipanga wapi?"

"Mahali pake."

"Mbona kompyuta inakataa kuiunga na wenzake? Njoo uone."

Nikaenda. Picha ya mbele ilionyesha pori la miiba. Ya nyuma yake, pori lile lile. Ya katikati, pale pale, ilikuwa shamba. Shamba kubwa, matuta yamenyooka kama ya rula, na watu wamejipanga mstari wanalima.

"Ndege ikipiga moja, hujameza mate inapiga nyingine," akasema Dada Paskazia. "Sasa shamba limetoka wapi na limekwenda wapi?"

"Na nani analima Agosti?" nikamuuliza. Agosti huku kwetu ardhi ni tofali. Mwenye akili yuko nyumbani anauza pamba, anaoa.

"Ninyi Wasukuma! Sasa utaniambia uchawi."

"Na ninyi Wahaya mtaniambia kwa Kiingereza."

Akacheka, akaivuta ile picha ikawa kubwa. Kutoka juu sura ya mtu haionekani, mtu ni kitone tu. Lakini ndege ilipita mapema, jua likiwa chini, na vivuli vilikuwa virefu vimelala ardhini, kila kivuli na jembe lake limeinuliwa. Wote wameliinua kulia. Mmoja tu, karibu na mwisho wa mstari, ameliinua kushoto.

Nilikuwa na mdogo wangu, Shija. Shija, kama unajua mila zetu, ni yule anayezaliwa nyuma ya mapacha, na mimi ni mmoja wa hao mapacha, kwa hiyo hata jina langu unaweza kulikisia. Shija alikuwa mashoto. Baba alimchapa fimbo nyingi ahamie kulia, ikashindikana. Tukienda kulima kwa pamoja hakuna aliyetaka kusimama karibu naye, majembe yalikuwa yanagongana.

Na Shija tulikuwa tumeshamzika. Alirudi kutoka shambani akasema kichwa, akalala, jua halijazama tukawa tunamlilia. Kijana mzima, hata mafua hakuyajua. Watu walinong'ona kwamba amefanywa msukule, kwamba tulichofukia ni shina la mgomba lililovishwa sura yake, na mwenyewe kachukuliwa akawalimie watu. Mama alikataa kusikia. Mimi pia nilikataa, mpaka asubuhi ile.

Mama sikumwambia. Na kijiji chenyewe sikitaji, usihangaike kuniuliza. Miaka ile bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni alikuwa anakatwa mapanga kwa ndoto ya mtu tu. Je, kwa picha?

Dada Paskazia akasema ni lazima twende kuhakiki, ndiyo kazi yake, kwenda kuona kama kilicho pichani kipo ardhini. Tukaenda na gari la mradi, yeye, dereva na mimi. Alikuwa na kile kidude kinachosema na setilaiti kikakuambia umesimama wapi. Tulifika jua limeanza kuinama. Kidude kikasema ni hapa. Tukatazama: miiba, vichuguu, na mbuzi mmoja aliyeachwa na wenzake. Dada na dereva wakazunguka na gari kuangalia upande wa pili, mimi nikabaki.

Sasa niamini. Muungurumo wa gari ulipokwisha, nikasikia majembe. Mengi. Mbele yangu, hatua chache tu, yanaingia ardhini na kutoka, yanaingia na kutoka, na macho yangu yanaona miiba mitupu. Udongo ukarushwa ukaniangukia kwenye viatu. Udongo mbichi, Agosti! Ungefanya nini wewe? Ungekimbia. Mimi miguu ilikataa, nikabaki na mdomo.

"Shija," nikasema. "Nyumbani wapo."

Jembe moja likanyamaza, upande wa mwisho wa mstari. Mengine yakaendelea.

"Mwadila, baba," sauti ikanisalimia kutoka nyuma.

Nikageuka. Mwanaume wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi, begi mkononi, viatu vinang'aa katikati ya lile vumbi. Ungemwona ungesema ni mmoja wa wanunuzi binafsi wa pamba waliojaa mkoani miaka ile. Mbuzi alikuwa anatafuna, akaacha kutafuna. Yule bwana akaniuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, zote kwa heshima kabisa. Halafu akauliza, "Ile picha mmempa nani na nani?"

Nikamtajia. Sijui kwa nini nilimtajia. Mtu akikuuliza kwa adabu namna ile, mdomo unajibu wenyewe.

"Miaka yote jicho la mtu halijaona hapa," akasema. "Ile ndege imenivua nguo. Lakini mimi si mtu wa ugomvi. Niletee ile picha moja na nakala zake zote, nami nitakuachia wako. Zote, baba. Ikibaki hata moja inatazamwa mahali, simwachii."

"Nitakupata wapi?"

"Mimi mkulima, nitakwenda wapi?"

Gari likasikika linarudi. Nilitazama huko mara moja tu, nikageuza uso, hayupo. Majembe hayapo. Udongo kwenye viatu ulikuwepo, na Dada Paskazia aliuona. Nilimwambia kila kitu tukiwa njiani. Nilitegemea atacheka. Hakucheka.

"Tatizo nakala ziko kwa watu, kaka," ndicho alichosema tu.

Mungu ambariki yule dada. Angeweza kufukuzwa kazi. Aliandikia ofisi zote kwamba sidii ina kasoro, wairudishe wapewe nyingine. Watu wa maji wakarudisha. Watu wa misitu wakarudisha, ina duara la kikombe cha chai juu yake. Watu wa ardhi walikataa, mpaka alipokwenda mwenyewe akawagombeza. Kwenye kompyuta yake akaifuta, kwenye filamu ya ndege akakata kipande, na ile ya karatasi nikaitoa sandukuni kwa mkono wangu. Ikawa imebaki ya Ulaya.

Akapeleka faksi. Jibu lilipokuja alilisoma amesimama, kisha akakaa.

"Wanasemaje?" nikamuuliza.

"Wanasema tusihangaike, kasoro hawajaiona. Wanasema picha ni nzuri sana. Wameshaiweka kwenye mashine yao kubwa na kuwanakilia wenzao, vyuo na ofisi za nchi nyingine. Wanashukuru."

"Basi waambie wazikusanye."

"Kaka, hata wao hawajui tena imefika kwa nani."

Sidii zilizorudishwa, kile kipande cha filamu na ile karatasi nilivitia kwenye boksi, nikakaa nalo mpaka uvumilivu ukaniisha. Nikalifunga kwa kamba ya katani, nikaenda nalo peke yangu, nikafika jioni. Majembe yalikuwepo. Lakini lile la mwisho wa mstari lilikuwa limenyamaza hata kabla sijafika. Unaelewa? Alikuwa ananisubiri.

Yule bwana naye alikuwepo, shati jeupe vile vile.

"Zote?" akaniuliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Ni neno dogo, halina uzito mdomoni. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu ambaye jibu analo tayari, na nikaogopa kwamba uongo utamwangukia Shija, siyo mimi. Nikasema ukweli. Nikasema zipo nyingine Ulaya, na zimezaana, hazikusanyiki.

Akachukua boksi. Akaniwekea mkono begani, hapa, bega la kulia.

"Pole sana, baba. Basi mwenzio si wangu peke yangu tena. Wako wengi wanaye. Kamdai na huko."

"Niachie hata nimwone!"

Miiba mbele yangu ikatikisika na hapakuwa na upepo. Harufu ya pumba wanazolishwa misukule ikanijia, pumba na jasho, na kitu kikavuta pumzi karibu sana na uso wangu, pumzi ya mtu anayetaka kusema na hana ulimi wa kusemea. Nikanyoosha mkono. Yule bwana akatamka neno moja, siyo Kisukuma wala Kiswahili, na ile pumzi ikaondoka. Baada ya muda nikasikia jembe linaanza. Polepole kwanza, halafu likashika mwendo wa wenzake, nikawa siwezi tena kulitofautisha.

Hivyo ndivyo nilivyompoteza mara ya pili.

Nilirudi pale mara nyingi. Kimya. Siku hizi pori limefyekwa, watu wamejenga, watoto wanacheza mpira. Dada Paskazia aliacha mambo ya ramani, akaenda kufundisha kwao Bukoba. Hunisalimia Krismasi kwa simu na hatulitaji jambo lile. Hili bega haliinuki kupita hapa. Madaktari wamelipiga picha zao, hawaoni kitu. Na mama alipokufa aliacha wosia alazwe kando ya Shija. Nilikataa. Ukoo ukanitenga, wakaniita mwana laana, na mpaka leo wapo wasionipa mkono. Ningewaambia nini? Ningemlaza mama yangu kando ya mgomba?

Sasa nakuonya, na hasa wewe kijana unayekaa mbele ya mashine hizi, unayekusanya picha za nchi za watu na kuzigawa huku na huko. Kabla hujagawa, tazama. Mahali panapoonekana kwako huenda hapaonekani kwa aliyesimama hapo hapo, na aliyemo humo ana ndugu. Mtu mpole akija kukuuliza umempa nani na nani, usimjibu hata akikuamkia kwa magoti. Na kama siku moja utakuta humo shamba katikati ya miiba, watu wamejipanga mstari, usimwite mwenzako aone, usinakili, usimpelekee mtu. Funga mashine. Mdogo wangu ameshagawanywa vya kutosha.